Paa la Baba Kwenye Seva ya Makambako

Juzi niliingia duka moja la dawa za mifugo pale Njombe mjini, nikakuta kwenye kona boksi la vifaranga chini ya taa. Maranda ya mpaini waliyotandikiwa yalikuwa yamepata moto. Kama hujawahi kunusa maranda ya mpaini yaliyopata moto pamoja na manyoya ya kifaranga, sijui nikueleze vipi. Ni harufu tamu halafu inachefua. Nikashika kaunta. Muuzaji akaniuliza, "Dada, vipi, unaumwa?" Nikamwambia siumwi, nikatoka bila hata kununua nilichofuata, nikaenda kukaa kwenye ngazi za duka la jirani nikalia mpaka vijana wa bodaboda wakaanza kujadiliana nani anipeleke hospitali.

Ninyi wa rika langu mtanielewa. Sisi ndio watoto tuliokulia kwenye bando, tuliofokewa kila siku, "Zima data hiyo!" Kwa hiyo nikisema baba yangu alijenga nyumba yake ya mwisho ndani ya mchezo wa kompyuta, na mchezo wenyewe ulikaa kwenye mashine moja kuukuu huko Makambako, najua hamtanicheka. Wakubwa zetu ndio wanaocheka. Waacheni wacheke.

Baba alikuwa fundi wa paa. Ukipita Mjimwema, mtaani kwetu, nyumba nyingi unazoziona kenchi zake, zile mbao za kubeba bati, alizipandisha yeye. Ya kwetu sasa, weee! Kuta zilikuwa zimesimama, lenta ya zege imemwagwa, na juu hakuna kitu. Tulipanga chumba na sebule nyumba ya pili kutoka hapo, na kila asubuhi nikienda shule nilizipita zile kuta zimeota majani kichwani. Mama alikuwa akisema, "Baba Ezekia, hata ndege wanatushangaa." Baba anajibu, "Ya kwangu nitaipaua mvua zikikatika." Mvua za Njombe mnazijua wenyewe. Kabla hazijakatika, kifua kikamkamata.

Alianza kwa kukohoa kidogo, tukasema ni vumbi la mbao. Halafu akawa hawezi kupanda ngazi. Halafu akawa hawezi kumaliza sentensi. Wakamwandikia kwenda hospitali kubwa Dar, na Mama akaenda naye. Tukabaki mimi na kaka yangu Ezekia, aliyekuwa amemaliza kidato cha sita na anasubiri chuo. Mimi nilikuwa bado wa kufungwa vifungo vya sweta.

Simu zilikuwa mateso. Baba anaanza, "Vumi, leo ume..." kikohozi kinamchukua, nasikia vitu vinaanguka, halafu Mama anashika simu na kusema baba amepumzika, tutaongea kesho. Ikafika mahali simu ikilia najificha nyuma ya kabati. Ezekia aliniona. Siku hiyo ndipo alipoanza habari ya mchezo.

Ni mchezo wa kujenga kwa vipande vya mraba. Unakata miti, unachimba mawe, unapanga, na watu wengi mnaweza kuwa kwenye dunia moja hata kama mmoja yuko Dar na mwingine Njombe. Baba alikuwa na simu nzuri, aliinunua ili apige picha mapaa ya watu. Ezekia akamfundisha kwa ujumbe wa sauti, na jioni moja nikaona kijitu kimevaa shati la bluu kinanikimbilia kwenye majani. Kikaruka. Juu ya kichwa kimeandikwa jina la Baba. Jamani! Baba alikuwa anakimbia. Baba ambaye hawezi kutoka kitandani kwenda chooni alikuwa anakimbia, na hakohoi.

Mle ndani kuna mchana na usiku, na siku ni fupi, hata saa moja haifiki. Giza likiingia kila mmoja anatafuta kitanda. Wote mliomo mkilala, usiku unakatika papo hapo, kunakucha. Mmoja akibaki amesimama, basi mnabaki gizani mkimsubiri. Mimi ndiye nilikuwa sitaki kulala. Baba anaandika, "Vumi, panda kitandani kupambazuke, nina kazi." Napanda. Kunakucha.

Tulianzia kwenye seva ya watu baki, na siku moja tuliporudi tukakuta wahuni wameteketeza nyumba aliyokuwa ameianza. Baba akaandika, "Hawa hawana adabu. Ezekia, tafuta kiwanja chetu." Hapo ndipo tabu yetu ilipoanza.

Rafiki yake Ezekia alikuwa anafunga kibanda cha kuingizia watu nyimbo kwenye simu, akamwachia kompyuta ya mezani, boksi la bati lenye mkwaruzo ubavuni. Ezekia akaiweka sebuleni kwetu. Akaniambia, "Vumi, hii ndiyo seva. Seva ndiyo kiwanja. Sisi na Baba tunakuja kiwanjani kwa simu zetu. Ikizimwa, hakuna pa kukanyaga."

"Na Baba atakuwa wapi?"

"Humu," akagonga ule ubavu. Alikuwa ananitania. Mimi nilimeza neno hilo zima zima. Nilipopata nafasi nilikwenda kuweka sikio kwenye bati, nikasikia feni inavuma ndani, nikajua ni pumzi.

Baba naye alitaka kueleweshwa kila kitu, maana fundi hakubali kujengewa asichokijua. Ezekia akamtumia sauti. "Baba, RAM ni meza yako ya kufanyia kazi. Diski ni stoo ya mbao. Stoo ikijaa mbao na meza ikawa ndogo, kazi haiendi."

"Na fundi ni nani?" Baba akauliza.

"Prosesa. Na mchezo huu unataka fundi mmoja mwenye mkono mwepesi, si kundi la wavivu."

Baba akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na ujumbe ukakatika. Baadaye ukaja mwingine mfupi, "Basi ongeza meza." Ezekia akazunguka kwa mafundi wa kompyuta mjini akichomoa RAM kwenye mashine zilizokufa, akaja na moja iliyokubali. Mashine ikaamka vizuri. Mimi na yeye tukaingia bila shida. Baba akabisha hodi kutoka Dar, ikamkatalia. Akabisha tena. Ikamkatalia.

Sijawahi kumwona kaka yangu katika hali ile. Alishika kichwa, akatoka nje, akarudi. Tatizo lilikuwa modemu ya laini ya simu. Alinieleza hivi: ukitumia laini ya simu, wewe na watu lukuki mnatoka nje kwa lango moja la kampuni. Kutoka, unatoka. Lakini mgeni akija langoni kukuulizia wewe, hakuna anayekujua. Tunahitaji nyumba yenye intaneti ya waya, iliyo na anwani yake yenyewe, na inayopandisha kwa nguvu. Kushusha kila mtu anako. Kinachohitajika kwenye seva ni kupandisha, maana kila Baba akipiga hatua, mashine inatutumia sote habari ya hatua hiyo, na njia ya kutokea ikiwa nyembamba, habari zinapanga foleni na mtu anaganda.

Mtu pekee tuliyemjua mwenye waya alikuwa Mama mdogo Salome, mdogo wake Mama tumbo moja, mwenye duka la vifaa vya shule na fotokopi kule Makambako karibu na barabara kuu. Shule zikafungwa. Tukaiviringisha seva kwenye blanketi la Baba tukaenda.

"Kamwene!" akatupokea mlangoni, halafu akaliona lile furushi. "Mmeniletea nini, mtoto?"

"Shikamoo Mama mdogo. Ni seva," Ezekia akasema.

"Inakula?"

"Inakula umeme."

"Basi itakula kidogo kidogo kama wengine." Akatupa ugali na maharage, na ile mashine akaitolea kona chumba cha nyuma ya duka, kwenye meza moja na ya fotokopi. Ezekia akavuta waya, akafungua njia kwenye kile kiboksi cha intaneti, akanunua betri ya akiba ya kuishikilia umeme ukikatika, maana upepo wa Makambako hauachi nyaya zitulie. Baba akabisha hodi. Mlango ukafunguka. Akaandika, "Nimefika kiwanjani." Mama mdogo, ambaye alikuwa anatazama juu ya bega langu na miwani yake ya kushonea, akashika mdomo. "Huyu ni shemeji? Mbona mzima?"

Mzima. Neno hilo likaniingia.

Kuanzia hapo nilimjua Baba kwa mashine. Akitembea laini, nasema leo ana nafuu. Akiganda mguu juu, akarudishwa nyuma, akaganda tena, nasema kifua kimembana. Na ukweli ni kwamba mara nyingi iligongana hivyo, kwa sababu jioni, kikohozi kikimzidi, ndiyo saa wanafunzi walipojaa dukani kutuma maombi ya vyuo, wanapandisha vyeti vyao vilivyopigwa picha kubwa kubwa, na njia ya kutokea inajaa. Mimi nilichoona ni kimoja: mteja anabonyeza kutuma, Baba anaganda. Niliwachukia wale wanafunzi, Mungu anajua. Nilisimama mlangoni nikiwaambia, "Mama mdogo amesafiri."

"Si yule pale anakula kiazi?"

"Yule ni pacha wake."

Mama mdogo alinivuta sikio mbele yao. "Unanifukuzia riziki! Nani atawalisha hapa, hiyo seva?" Nikalia kwa sauti, "Wanamuua Baba!" Mama mdogo akaniachia sikio, akanitazama, akarudi kwenye fotokopi. Ezekia ndipo akaweka mpangilio kwenye kiboksi, ili njia ya seva ipite kwanza na vyeti visubiri. Wanafunzi wakalalamika kwamba mtandao wa Salome umekuwa mzito. Mama mdogo akawajibu kwamba hata wa mjini ni mzito.

Ndani ya mchezo Baba alikuwa anajenga nyumba yetu ya Mjimwema. Ileile. Vyumba vilevile, mlango unatazama kulekule. Kuta alizimaliza haraka, halafu akaanza paa, na kenchi zake alizipanga moja moja kama ambavyo angezipanga kwa msumari, ingawa mle ndani paa linasimama hata bila kenchi. Ezekia alimwambia. Baba akaandika, "Litasimama kwa nani? Mimi nitajua hazimo."

Baridi ya Juni ikaja. Asubuhi unakuta barafu imechoma majani ya viazi, na watu wanatembea na blanketi begani kama shati la pili. Mama mdogo alikuwa na vifaranga aliowatotolesha, na mwaka huo mkaa ulikuwa umelowa, jiko linatoa moshi tu. Sasa yeye alipokuwa akipiga fotokopi aliona kwamba nyuma ya seva kunatoka hewa ya moto, moto mzuri, mchana na usiku. Akaona, joto hili linaenda bure. Akachukua boksi la vifaranga, akalijaza maranda, akalisukuma nyuma ya mashine, akaligandamiza pale penye tundu la feni, na juu ya vyote akatandika blanketi, lile la Baba, ili joto lisikimbie. Kwa roho safi kabisa. Kwetu kila kiumbe kidogo kinafunikwa Juni, iwe mche wa parachichi, iwe mtoto, iwe kifaranga.

Tulikuwa kiwanjani na Baba. Amebakiza upande mmoja wa paa. Akaganda. Akaruka hatua. Akaganda. Halafu simu zetu zote zikaandika kwamba seva haipatikani, na kutoka chumba cha nyuma ikaja harufu ile. Maranda yamepata moto.

Ezekia alilifunua blanketi akaona vifaranga, na kaka yangu, mpole yule, alipiga kelele. "Mama mdogo umefanya nini? Umeua! Umeiua!"

"Ezekia! Mimi na mama yako tumbo moja, usinipandishie sauti!" Halafu akashusha sauti. "Mimi nimeona linatoa joto. Nimeona vifaranga wanakufa. Mngeniambia!"

Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni nimekumbatia lile boksi la bati. Lilikuwa linaunguza. Feni imekufa kimya, imemeza maranda na manyoya. Niliweka sikio, hakuna pumzi. Sikulia hata. Nilihisi tu kwamba nimekuwa tupu. Simu ya Mama mdogo ikalia, ilikuwa Mama: "Kuna nini? Baba yenu anauliza, amehangaika, anataka kuamka." Ezekia akasema, "Mwambie asubiri. Mama, mwambie asubiri, tafadhali."

Mama mdogo ndiye aliyeibeba. Aliiweka kichwani kama debe, akatoka nayo barabarani kwenye upepo, sisi nyuma, mpaka kwa fundi wa pancha. "Washa huo upepo wako," akamwambia. Fundi akasema mashine ya upepo ni ya matairi ya malori. "Nimesema washa!" Akawasha. Ezekia akafungua ubavu, akaishika feni isizunguke, na upepo ukapulizwa; manyoya na maranda yakaruka kama vile kuku ananyonyolewa. Fundi akatoa na mafuta ya cherehani, tone moja kwenye feni. Tukarudi. Ezekia akabonyeza kitufe, Mama mdogo akafumba macho kabisa, midomo inaomba.

Ikavuma.

Baba akaingia baada ya muda. Akaandika, "Nani kazima taa?" Tukacheka kama wendawazimu. Vifaranga walirudishwa jikoni kwenye moshi, na wengi hawakufika mwisho wa wiki. Mama mdogo aliwazika nyuma ya choo, wala hakuwataja tena.

Baada ya hapo Baba alikuja kwa muda mfupi mfupi. Anaweka vipande vichache, anasimama. Mama alikuwa hakati simu haraka tena; aliiacha wazi, tunasikia mashine za wodini. Ezekia alishinda kwenye seva. Anapima joto, anafuta vumbi, anaangalia RAM, anaangalia njia ya kupandisha. Hakuwa anakula vizuri. Nilijua anamtibu Baba, na nilimpelekea chai ya tangawizi kama ambavyo ungempelekea daktari.

Ile siku ya mwisho ilikuwa mchana mweupe, upepo unapiga bati za duka. Mimi nilikuwa na simu ya Mama mdogo, Ezekia kwenye kompyuta ya duka. Baba aliingia, akapanda juu kabisa, akaweka kipande cha mwisho cha paa. Akashuka. Akaandika, "Nimepaua." Ezekia akaandika, "Hongera fundi." Baba akaweka vitanda ndani, kimoja kimoja, hata cha Mama ambaye hajawahi kuingia. Kisha jua la mle ndani likatua.

Nikapanda kitandani bila kuambiwa. Ezekia akapanda chake. Baba alikuwa amesimama katikati ya chumba, ametazama ukuta.

"Baba, lala kupambazuke," nikaandika, herufi moja moja.

Hakusogea.

"Ameganda," nikamwambia Ezekia. Alikuwa keshainuka. Alikimbilia nyuma, akagusa boksi. Akarudi akafungua kurasa zake za kupimia. Mama mdogo alikuwa anahudumia wateja. Aliangalia uso wa Ezekia mara moja tu, akawaambia, "Tumefunga, tokeni," akawatoa kwa mikono na vyeti vyao, akafunga mlango. "Njia iko wazi sasa," akasema. "Hakuna anayetuma kitu. Jaribu."

Ezekia akaangalia tena. Joto, sawa. RAM, nusu haijaguswa. Njia ya kupandisha, nyeupe. Baba bado yumo, mawasiliano hayajakatika. Akaangalia upya toka mwanzo. Mama mdogo akawa anapapasa nyuma ya mashine kwa vidole, anatafuta unyoya, maranda, chochote. "Angalia vizuri, mwanangu," anamsihi. "Itakuwa ni hii feni. Si ni feni?" Na Ezekia, machozi yanamtoka, "Si feni, Mama mdogo. Seva ni nzima. Haina kitu kabisa."

Mimi nilifurahi. Nawaambia ukweli, nilifurahi. Kama seva ni nzima, Baba ni mzima. Amesimama tu, anaitazama kazi yake.

Ndipo akasogea. Akaruka. Akazunguka, akatazama juu kwenye kenchi, akatazama sakafu, akagonga ukuta, akaruka tena. "Baba!" nikapiga yowe. "Anacheza! Ezekia, ona, Baba anacheza!"

Ezekia hakucheka. Alikuwa anaangalia kile kijitu kinavyojigonga ukutani, kama mkono wa mtu asiyejua pa kubonyeza, mtu anayetaka tu kuyatoa yale madude kwenye kioo cha simu ya Baba. Akasema polepole, "Huyo ni Mama."

Maandishi yakatokea kwamba Baba ametoka. Na kwa kuwa aliyekuwa amesimama ameondoka, na sisi wawili tuliobaki tulikuwa tumelala, usiku ukakatika papo hapo. Kukapambazuka. Mwanga ukaingia dirishani kwa Baba, ukaangaza vile vitanda na zile kenchi alizozipanga ingawa hazikuhitajika. Nilikuwa bado nautazama pale simu ilipoanza kutetemeka mkononi mwangu, na juu ya ile asubuhi likatokea jina la Mama.